Jina katika Wimbo wa Tano

Papa Kalenga aliweka sharti moja tu kabla ya tamasha: jina la mtu yeyote lisitajwe ndani ya wimbo. Alilisema mara tatu kwenye mazoezi. Siku yenyewe akaliandika kwa Kifaransa kwenye karatasi na kulibandika mlangoni mwa ukumbi, chini ya karatasi yangu iliyowaomba watu wazime simu.

Asiyezikulia bendi za densi za Wakongo huenda akaliona sharti hilo la ajabu. Katika bendi hizo mwimbaji hutupa libanga, yaani hutaja jina la mtu mwenye uwezo katikati ya wimbo, na mtu huyo humtunza. Kuna nyimbo zenye majina ishirini, na wako wasikilizaji wanaohisi wimbo usio na jina haujaiva. Papa Kalenga aliifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja, hapa hapa Brussels. Alipiga saksafoni, na akitoa mdomo kwenye saksafoni alitaja majina, maana sauti yake nzito ilifika mbali bila kupandishwa. Jumamosi moja katika mwaka 2009, papa Mathieu, aliyekuwa akisafirisha magari makuukuu kwenda Afrika, alinyanyua mkono Kalenga akiwa katikati ya solo, kwa sababu jina lake lilikuwa bado halijasikika. Kiongozi wa bendi akamgusa Kalenga begani. Kalenga akaikata solo, akalitaja jina mara mbili, akaumalizia wimbo, akafunga kasha la saksafoni na kuondoka. Hakurudi katika bendi ile, wala hakumsalimu tena papa Mathieu.

Baada ya hapo aliingia kwenye jazi ya Kilatini, na hasa bossa nova. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu hivi: "Kule muntu anaimba polepole, sawa vile anaongea na mutoto mwenye kulala. Na saksafoni inangojea zamu yake. Hakuna mwenye kuikata."

Mwimbaji aliyempata ni Anne-Marie Numbi wa Lubumbashi. Kireno alikiokota kwa wanawake wa Kibrazili aliofanya nao usafi wa maofisi miaka minane, kisha akaanza kutunga mwenyewe, ubeti mmoja Kireno na mwingine Kiswahili cha kwao. Ana sauti ya chini, karibu na ya mwanamume akiwa amechoka. Tena ni mpwa wa papa Mathieu, mtoto wa dada yake. Kalenga alilijua hilo na akamchukua vilevile, akisema mtu hachagui mjomba.

Mimi niliwafahamu kwa sababu ya Anne-Marie. Tunafanya kazi nyumba moja ya wazee huko Auderghem, yeye akiwaosha na kuwalisha, mimi nikitengeneza mabomba, balbu na vitanda. Kurekodi sauti sikusomea. Nilianza na vipaza sauti vya msikiti wa mtaani kwetu Buyenzi, Bujumbura, na hapa nimeendelea kwa kusoma vitabu vya maelekezo huku kamusi ikiwa pembeni. Kwa kuwa sikufundishwa, ninaandika kila kitu kwenye daftari: maikrofoni ipi imewekwa wapi, imeingia kwenye njia ya ngapi, imeelekea upande gani.

Jambo moja zaidi ni lazima lijulikane. Fizi za papa Kalenga zilikuwa zimeoza. Daktari wa meno alitaka kumng'oa meno manne ya mbele ya juu tangu masika, naye akaahirisha miezi mitano ili arekodi albamu kwanza, kwa sababu mpiga saksafoni hushika ala yake kwa meno hayo. Miadi ilikuwa Jumatatu, siku mbili baada ya tamasha. Baadaye angewekewa ya bandia, na pengine baada ya mwaka angeweza kupiga tena. Pengine. Ana miaka sitini na mitatu. Kwa hiyo kile ambacho kingeingia kwenye kompyuta yangu Jumamosi ile ndicho kilichokuwepo. Hakingerudiwa.

Tulirekodi katika ukumbi wa parokia huko Saint-Josse, kuanzia saa kumi alasiri. Walikuja watu kama sabini. Mimi nilikaa jikoni, nyuma ya pazia, hedifoni masikioni, nikitazama mistari ya sauti ikipanda na kushuka. Jukwaa sikuliona. Nyimbo nne za kwanza zilikwenda vizuri, na watu walikuwa watulivu kuliko nilivyotarajia. Papa Mathieu alikuwa amefika pia, ameketi mstari wa mbele na kofia yake magotini. Siku hizi ni mzee anayetembelea fimbo, na magari alishaacha.

Wimbo wa tano ndio uliokuwa na solo ndefu. Anne-Marie aliimba beti zake mbili, akarudi nyuma hatua moja kama alivyozoea, saksafoni ikaingia. Ilipofika dakika ya nne na sekunde kumi na mbili, ikanyamaza kwa mapigo machache, na ndani ya ukimya huo sauti ya chini ikasema polepole, bila haraka yoyote, "Papa Mathieu wa Likasi." Wanawake wawili wakapiga vigelegele. Saksafoni ikarudi, ikapiga dakika mbili ambazo sijawahi kuzisikia kwake kabla wala baada.

Nilidhani ni Anne-Marie. Niliandika kwenye daftari dakika na sekunde, nikaendelea na kazi.

Kumbe ukumbi mzima ulidhani hivyo. Taa za jukwaani zilikuwa hafifu, na watu walipolisikia jina waligeuka kumtazama mwenye jina, ambaye alinyanyuka na kuipunga kofia. Wapigaji wengine walikuwa wakitazama vidole vyao. Kalenga hupiga akiwa amefumba macho, na baadaye alisema vigelegele alivisikia, akafikiri ni vya solo. Tulipokuwa tunakunja nyaya, papa Mathieu alimshika mpwa wake mkono na kumwambia merci kwa jina. Anne-Marie alimuuliza jina gani. Mzee akacheka, akaona ni adabu ya mtoto asiyetaka shukrani.

Jumapili nilituma sauti zote zikiwa zimechanganywa pamoja, bado ghafi, kwenye grupu ya WhatsApp ya bendi, yenye watu sita. Saa nane mchana papa Kalenga akaweka ujumbe wa sauti wa dakika nne. Sitauandika wote. Ulianza hivi: "Nilikukataza mara trois, Anne-Marie. Mara trois. Uliuzisha solo yangu ya mwisho kwa mujomba yako." Halafu akaeleza habari ya mwaka 2009, ambayo wengine hawakuijua, na akamwita jina ambalo mtu hamwiti binti wa mwenzake.

Anne-Marie aliandika mstari mmoja: "Papa, haiko miye." Wenzetu wengine walinyamaza, na mimi pia nilinyamaza.

Jumatatu meno yaling'olewa. Alhamisi papa Kalenga alikuja kwangu, skafu imemfunika mdomo. Mke wangu Rukiya alimpikia uji mwepesi, akaunywa akiwa ametugeuzia mgongo. Alikuwa hataki kusema, kwa sababu bila meno ya mbele maneno yalimtoka kwa filimbi, na mtu aliyeishi kwa sauti yake huona hilo ni uchi. Akachukua daftari langu na kuandika anachotaka: nifute sauti ya Anne-Marie kwenye nyimbo zote nane. Angetafuta msichana mwingine aje kuimba juu ya muziki ule ule, hapa chumbani kwangu.

Nilimwambia kwamba itakuwa si rekodi ya tamasha tena, na watu sabini walisikia ni nani aliyeimba. Akaandika: "Ni sawa." Nikamwambia pia kwamba sauti ya Anne-Marie imeingia kidogo kwenye maikrofoni ya kila mtu, haifutiki yote. Akaandika: "Jaribu." Nikaomba nipewe hadi Jumamosi. Hilo alilikubali kwa kichwa.

Ijumaa nilimkuta Anne-Marie chumba cha kufulia kazini, akikunja mashuka. Nikamweleza aliyoyataka Kalenga, kwa kuwa niliona si haki ayasikie kwa mwingine. Hakulia wala hakukasirika. Aliendelea kukunja, kisha, akiniita yaya, yaani kaka kwa lugha ya kwao, akasema jambo lililonisumbua kuliko kilio.

"Yaya Hamadi, nitakuambia kweli. Minafikiria pengine ni miye."

Nikamuuliza kama anakumbuka kulisema.

"Hapana. Lakini mujomba mwenyewe alinishukuru. Bantu bote sabini basikie mubaya, mi peke yangu nisikie muzuri? Pengine mudomo ilitoka tu."

Nilimuuliza solo ilipokuwa ikipigwa alikuwa akifanya nini. Akajibu kwamba hakumbuki, alikuwa amesimama tu, kama siku zote.

Hapa kuna kosa langu, na afadhali nilitaje. Nina utaratibu wa kusikiliza rekodi ikiwa imechanganywa kwa wiki nzima kabla ya kufungua njia moja moja, yaani sauti ya kila maikrofoni peke yake. Niliona zamani kwamba ukifungua mapema unaanza kutengeneza vitu visivyoharibika. Ni utaratibu mzuri. Safari hii ulimchelewesha mtu haki yake siku sita.

Jumamosi asubuhi, baada ya kumpeleka binti yangu kwenye somo la kuogelea, nilifungua njia moja moja. Njia ya kwanza ilikuwa maikrofoni ya Anne-Marie. Njia ya pili ilikuwa ile maikrofoni ndogo yenye kibano, iliyofungwa kwenye mdomo mpana wa saksafoni. Nikaenda dakika ya nne, nikasikiliza njia ya kwanza peke yake. Jina lilikuwepo, lakini kwa mbali, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Nikafungua njia ya pili. Huko lilikuwa karibu na kubwa, na kabla yake kulikuwa na mlio mdogo, tk, ule wa mdomo kuachana na mwanzi wa kupulizia wa saksafoni, halafu pumzi ikivutwa. Pumzi ya mtu mpana wa kifua.

Sikuamini upesi. Nilidhani nimebadilisha njia, nikarudi kwenye daftari, nikalinganisha na nyimbo nyingine. Njia hazikuwa zimebadilika. Kisha nikarudi njia ya kwanza, nikaongeza sauti hadi mwisho ili nijue Anne-Marie alikuwa wapi wakati ule. Hapo ndipo nilipousikia mfuniko wa chupa ya plastiki ukifunguliwa. Halafu maji, mafunda matatu. Funda la pili lilikuwa likipita kooni pale hasa jina lilipotajwa.

Kisha nikaweka kompyuta na hedifoni kwenye mkoba, nikaenda Koekelberg.

Papa Kalenga anaishi ghorofa ya tatu, dirisha lake likitazama kuba la Basilika. Saksafoni ilikuwa juu ya kabati, ndani ya kasha. Nilimwambia sikuja kubishana, nimekuja asikilize, na nikamvika hedifoni bila kumweleza atakachosikia. Nilianza na njia ya pili.

Alisikiliza, akanitazama. Akasema nimechanganya njia. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake tangu meno yatoke, na kweli ilipiga filimbi. Nikamfungulia daftari kwenye ukurasa wa tamasha, penye mchoro wa jukwaa na namba. Akausoma akiufuata kwa kidole.

"Rudisha."

Nikarudisha. Mara ya tatu alifumba macho, na pale kwenye mlio wa mdomo kuachana na mwanzi, midomo yake yenyewe iliachana. Nadhani hakujua kama imeachana.

"Ile ni miye," akasema. Akavua hedifoni, akaishika magotini. Kisha akauliza, "Na yee, alikuwa anafanya nini?"

"Sikiliza mwenyewe."

Nikamwekea njia ya kwanza. Aliinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

"Maji," akasema. "Anakunywa maji."

Akavua hedifoni tena. Halafu alinieleza, polepole kwa sababu ya fizi, kwamba alimwona papa Mathieu kabla ya kufumba macho, pale mstari wa mbele, mahali pale pale alipokuwa akiketi zamani. Jumamosi mia tano hivi aliwahi kulitaja jina hilo, kila solo ilipofika katikati. Alidhani limeshamtoka. Hakutaka kulisema, na hakumbuki kulisema, lakini pumzi ya kwenye rekodi ni yake, anaijua.

Akauliza kama jina linaweza kuondolewa. Nikamjibu kwamba lingekuwa la Anne-Marie lingekuwa kazi, lakini kwa kuwa ni lake, na saksafoni ilikuwa kimya, ni dakika kumi tu.

"Anne-Marie anajua?"

"Bado. Nimekuja kwako kwanza."

"Juu ya nini?"

"Kwa sababu wewe ndiye uliyesema."

Sikufafanua ni yapi aliyoyasema, la jukwaani au ya kwenye grupu. Akavaa koti lake ili twende siku ile ile, lakini nikamwambia Anne-Marie yuko kazini kesho mchana, na kwamba saa tisa wana mapumziko.

Kwa hiyo Jumapili tulipanda metro, tukabadilisha Arts-Loi, tukashuka Auderghem. Njia nzima aliishika skafu mdomoni. Anne-Marie alikuwa kwenye chumba cha kulia cha wazee, akila viazi vyake pembeni, bado amevaa koti la kazi. Meza ya pili bibi wawili walikuwa wakicheza karata. Nilimpa hedifoni, nikamwekea njia ya pili, kisha ya kwanza. Aliposikia mfuniko wa chupa aliweka uma chini.

"Donc mi haiko wazimu," akaniambia mimi, si Kalenga.

Papa Kalenga alikuwa bado amesimama, kofia mkononi. Alimwomba radhi kwa maneno machache, kama mtu mzima amwombavyo mtu mzima, na akamwambia sauti yake itabaki kwenye nyimbo zote nane. Anne-Marie alimwacha amalize, akamsogezea kiti, lakini hakusema amesamehe.

"Papa, ulinitukania mu groupe," akasema, akitaka radhi iombwe huko huko. "Dakika quatre. Bon, mu groupe njo utasemea."

Kalenga akagusa skafu. "Na hii mudomo?"

"Njo ile ile mudomo ilisema jina."

Bibi mmoja wa karata, ambaye hajui Kiswahili, aligeuka na kututazama, kwa kuwa Kalenga alicheka, mkono ukiwa mbele ya mdomo. Hakucheka sana. Kisha akafungua skafu, akaiweka mezani, akachukua simu yake. Alirekodi pale pale, mbele yetu, karibu nusu dakika. Alisema kwamba jina la papa Mathieu alilitaja yeye, Kalenga, kwa mdomo wake. Kwamba fundi Hamadi ana ushahidi na mwenye kutaka atasikilizishwa. Na kwamba Anne-Marie alikuwa anakunywa maji. Kila penye "s" palipiga filimbi. Alipomaliza hakujisikiliza, alituma tu. Simu ya Anne-Marie ikalia mfukoni mwa koti lake, yangu ikalia kwenye mkoba.

Anne-Marie alisikiliza ujumbe wote, ingawa alikuwa amesikia ukisemwa. Kisha akamsukumia papa Kalenga nusu ya viazi, akiviponda kwanza kwa uma, jinsi anavyowafanyia wazee wa pale.

Tukabaki na suala la jina. Kalenga alisema liamuliwe na Anne-Marie: likiondolewa sawa, likibaki sawa. Nilidhani atataka liondoke. Alifikiri huku akila.

"Fundi akilitoa mu wimbo, bale bantu ya mu salle batasema mulinifichia makosa. Banalisikia na masikio yabo. Ikae." Akanigeukia. "Na maji yangu ikae pia. Usiifunge."

Alijua ninavyofanya kazi. Kwa kawaida mwimbaji anapokuwa haimbi, ninaifunga njia yake, ili maikrofoni isibebe kelele zisizohitajika. Katika wimbo wa tano sikuifunga. Nilichanganya nyimbo zote nane kwa wiki tano, na nilipomaliza nikampelekea papa Kalenga aidhinishe kabla ya albamu kwenda kutengenezwa. Wakati huo alikuwa ameshapewa meno ya bandia, na saksafoni ilikuwa imeshushwa kabatini, ingawa kwa siku alipiga noti ndefu kwa dakika tano tu kisha akapumzisha fizi.

Alisikiliza nyimbo zote bila kunikatiza. Kwenye wa tano, jina lilipopita, hakutikisika. Solo iliyofuata aliisikiliza akitazama dirishani. Mwisho alisema kazi ni nzuri, ila ana ombi moja, la dakika ya nne.

Nilishika kalamu.

"Ile maji," akasema. "Ipandishe kidogo."